Ubudha, Ukonfusio na itikadi za siasa za leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kila mazungumzo yanapogusa China, Myanmar au Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet. Majibu mengine ni mafupi, mengine marefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye swali analolitaka.

Tuanze na msingi: Confucius na Budha walikuwa akina nani?

Confucius, ambaye Wachina humwita Kongzi, aliishi kati ya mwaka 551 na 479 KK. Kwao ni Qufu, katika dola la Lu, eneo ambalo leo ni mkoa wa Shandong. Alikuwa mwalimu aliyezunguka miaka mingi akitafuta mtawala wa kusikiliza ushauri wake, na hakumpata. Budha, yaani Siddhartha Gautama, aliishi upande wa India na Nepal ya leo takribani karne ya 5 KK, na njia yake ilikuwa kinyume: wafuasi wake husimulia kwamba alizaliwa katika nyumba ya utawala, akaiacha. Mmoja alikuwa akibisha hodi ikulu, mwingine alitoka ikulu kwa hiari yake. Ndiyo maana maandiko ya Confucius yamejaa habari za mawaziri, kodi na utawala, ilhali ya Budha yanaigusa serikali hapa na pale tu, ingawa yakiigusa hayaipapasi.

Ukonfusio ni dini au siasa?

Mahekalu ya Confucius yapo, na sadaka kwa wahenga zipo. Lakini hakuna kusilimu wala kubatizwa, na hakuna anayekuuliza uliamini lini. Zaidi ni mafundisho ya namna ya kuishi na namna ya kutawala, na kwa karne nyingi yalikuwa mtaala. Mpaka mwaka 1905, aliyetaka uofisa katika serikali ya China alikalia mitihani, na mitihani hiyo kwa sehemu kubwa ilitungwa kutoka kwenye vitabu vya Kikonfusio. Ukiuliza ni dini au siasa, ofisa wa zama hizo angekushangaa.

Ni kweli Confucius alifundisha kumtii mtawala bila kuhoji?

Hapana. Watu wengi wanaliamini hili, wakiwemo watawala wenyewe, ambao hawana haraka ya kusahihishwa.

Kweli alipenda ngazi na heshima. Alipoulizwa kuhusu utawala alijibu kwamba mfalme awe mfalme, waziri awe waziri, baba awe baba, mwana awe mwana. Wakubwa huinukuu sentensi hiyo kana kwamba inawahusu walio chini peke yao. Lakini tazama anaanza na nani. Mwanafunzi wake Zilu alipomuuliza jinsi ya kumtumikia mtawala, aliambiwa asimdanganye, ila ampinge usoni pake. Mwingine, Zigong, aliuliza serikali inahitaji nini. Akajibiwa: chakula, jeshi na imani ya wananchi. Ikibidi kuacha kimoja? Acha jeshi. Ikibidi kuacha kingine? Acha chakula, kwa kuwa kufa watu wamekufa tangu zamani, lakini watu wasipoiamini serikali hakuna kinachosimama.

Kuna pia kisa cha mwanamke aliyekuwa akilia kaburini karibu na mlima Tai. Chui milia alikuwa amemuua baba mkwe wake, kisha mumewe, na sasa mwanawe. Akaulizwa kwa nini basi asihame. Akasema huku hakuna serikali ya kuonea watu. Confucius akawageukia wanafunzi wake akawaambia walikumbuke hilo: serikali ya dhuluma inatisha kuliko chui milia.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Mengzi, mfuasi wake wa karne ya 4 KK. Kwake yeye wananchi ndio wa kwanza, madhabahu ya dola ya pili, mfalme wa mwisho. Mfalme wa Qi alimtega kwa kumuuliza kama ni halali raia kumuua mfalme wake, akimkusudia Zhou, mfalme wa mwisho wa enzi ya Shang, aliyepinduliwa. Mengzi akasema amesikia kuna mhuni mmoja jina lake Zhou aliyeuawa. Habari za mfalme kuuawa hajazisikia. Maana yake, ukidhulumu watu unakuwa umeshajivua ufalme mwenyewe, na Mbingu imeshakunyang'anya idhini yake.

Mwanzilishi wa enzi ya Ming, mfalme Hongwu, aliposoma maneno hayo alipandwa na hasira. Mwaka 1394 likatolewa toleo jipya la kitabu cha Mengzi kwa amri yake, vifungu 85 vikiwa vimekatwa. Mkasi huo ndio ninaoutumia kusoma karibu kila kitu kinachofuata. Mafundisho yote mawili, ya Confucius na ya Budha, yana kifungu kinachomfunga mtawala. Serikali inapoyakumbatia mafundisho, cha kwanza kuangalia ni kama kifungu hicho kimebaki.

Kama ni hazina ya Wachina, kwa nini wao wenyewe waliigeuka karne ya 20?

Kwa sababu walishindwa vita. Kuanzia vita vya kasumba vya 1839 hadi kipigo cha Japani cha 1895, China ilidhalilishwa mfululizo, na vijana wakaanza kuuliza wasomi wa mitihani walikuwa wakifanya nini muda wote huo. Kang Youwei alijaribu njia ya kati: alisema Confucius mwenyewe alikuwa mwanamageuzi, na mwaka 1898 akamshawishi mfalme kijana kuanzisha mabadiliko. Yalidumu takribani siku mia moja, kisha Cixi, mama mkubwa wa kifalme, akayazima.

Kizazi kilichofuata hakikutaka njia ya kati. Katika vuguvugu la Mei 4, 1919, kilio cha wanafunzi na waandishi kilikuwa kulibomoa duka la Confucius, na badala yake wakataka wageni wawili: Bwana Sayansi na Bwana Demokrasia. Chama cha Kikomunisti kilizaliwa 1921 katika hewa hiyo hiyo. Upande wa pili, Chiang Kai-shek, kiongozi wa chama cha Kuomintang kilichopigana na Wakomunisti, aliyafufua maadili ya Kikonfusio mwaka 1934 kwa kampeni ya Maisha Mapya, iliyochanganya nidhamu ya kijeshi na maagizo ya kutotema mate ovyo na kufunga vifungo vya nguo. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1930 Confucius alikuwa ameshapewa kadi ya chama, na chama chenyewe kikashindwa vita mwaka 1949.

Novemba 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, vijana wake walioitwa Walinzi Wekundu walifika Qufu kutoka Beijing, wakavunja sanamu na mawe ya kumbukumbu, wakafukua makaburi ya ukoo wa Kong. Miaka michache baadaye, 1973 na 1974, nchi nzima ilihamasishwa kumkosoa Lin Biao na Confucius kwa pamoja. Lin Biao alikuwa mkuu wa jeshi aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1971, Confucius alikuwa amekufa miaka zaidi ya 2,400. Mahakama iliyowaunganisha hawa wawili ilihitaji ubunifu mkubwa.

Hai Rui ni nani, na anahusiana vipi na Mao?

Swali hili huulizwa na waliosoma kidogo kuhusu Mapinduzi ya Utamaduni wakakutana na jina la ofisa wa karne ya 16, wakashangaa.

Hai Rui alikuwa ofisa wa enzi ya Ming. Mwaka 1566 alimwandikia mfalme Jiajing barua akimweleza waziwazi kwamba ameacha kazi, anahangaika na dawa za kuishi milele huku nchi ikioza. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuipeleka alinunua jeneza na kuiaga familia yake. Mfalme akamtia gerezani. Mfalme akafa kabla hajamuua, Hai Rui akaachiwa. Huo ndio Ukonfusio wa kumpinga mkubwa usoni pake, na gharama yake.

Mwaka 1959 Mao mwenyewe alisema makada wanahitaji moyo wa Hai Rui, waseme kweli. Miezi michache baadaye, katika mkutano wa Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai akasema kweli: akaandika barua kuhusu madhara ya Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya Mao ya kuharakisha uchumi, wakati njaa ilishaanza kuua watu vijijini. Akavuliwa uwaziri. Wu Han, mwanahistoria wa Ming na naibu meya wa Beijing, alikuwa ameandika tamthilia kuhusu Hai Rui kuachishwa kazi, ikachezwa mwaka 1961. Novemba 10, 1965 gazeti moja la Shanghai likachapa makala ya Yao Wenyuan ikidai tamthilia hiyo ni shambulio dhidi ya chama. Baadaye ikasemwa wazi kwamba Hai Rui wa jukwaani ni Peng Dehuai. Makala hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa risasi ya kwanza ya Mapinduzi ya Utamaduni. Wu Han alifia kizuizini mwaka 1969.

Tazama ajabu yake: chama kilichojitangaza adui wa fikra za zamani kilimwogopa ofisa wa Kikonfusio aliyekufa karne nne zilizopita, kwa sababu kilielewa barabara alichokuwa anasema.

Sasa mbona leo chama hicho hicho kinamsifu Confucius?

Kwa sababu Umarx haujazi tena pengo peke yake. Baada ya mageuzi ya kiuchumi ya 1978, kuhubiri mapambano ya kitabaka katika nchi yenye mabilionea kukawa kazi ngumu. Utaifa na ustaarabu wa kale vikajaza nafasi. Rais Hu Jintao alileta kaulimbiu ya jamii yenye upatanifu. Xi Jinping alikwenda Qufu Novemba 2013, na mwaka uliofuata akahutubia maadhimisho ya kuzaliwa kwa Confucius mjini Beijing.

Lakini si wote chamani waliofurahi. Januari 2011 sanamu ya shaba ya Confucius, yenye urefu wa mita 9.5, ilisimamishwa mbele ya Makumbusho ya Taifa, kando ya uwanja wa Tiananmen, ikitazamana kwa mbali na picha ya Mao. Mwezi Aprili watu waliamka wakakuta haipo. Ilikuwa imehamishiwa ndani ya makumbusho, bila maelezo ya maana.

Kinachosifiwa leo ni heshima kwa wazazi, bidii, utulivu na uongozi wa wenye sifa. Mengzi na mhuni wake Zhou hawasikiki sana kwenye hotuba.

Taasisi za Confucius zilizopo vyuoni kwetu zinafundisha Ukonfusio?

Kwa kiasi kidogo sana. Ya kwanza duniani ilifunguliwa Seoul mwaka 2004, na ya kwanza Afrika ilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake. Kazi yao kubwa ni lugha ya Kichina, kaligrafia, tai chi na maandalizi ya ufadhili wa masomo. Marekani na sehemu za Ulaya vyuo kadhaa vimezifunga kwa hofu ya ushawishi wa serikali ya China. Mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya anayejiunga kwa kawaida anatafuta ajira au nafasi ya kwenda kusoma China, na hilo halina ubaya. Ila akitaka kumjua Confucius itabidi amsome mwenyewe.

"Maadili ya Kiasia" ni nini hasa?

Ni hoja iliyovuma miaka ya 1990 kwamba Waasia, kwa urithi wao, hutanguliza familia, jamii na utulivu mbele ya haki za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo demokrasia ya Kimagharibi haiwafai. Wasemaji wake wakuu walikuwa viongozi wawili, Lee Kuan Yew wa Singapore na Mahathir Mohamad wa Malaysia. Azimio la Bangkok la 1993, la serikali za Asia kuhusu haki za binadamu, lilisemwa kwa lugha inayokaribiana na hiyo. Singapore ilikuwa imeshajaribu kufundisha maadili ya Kikonfusio shuleni miaka ya 1980, ikaacha. Mwaka 1995 ikapitisha sheria inayomwezesha mzazi wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza kudai matunzo kwa wanawe kisheria. Wazazi wengi wa huku kwetu wangeipigia makofi sheria hiyo.

Jibu zito lilitoka Asia kwenyewe. Mwaka 1994 Lee alitoa mahojiano marefu katika jarida la Marekani la siasa za kimataifa, akisema utamaduni ndio majaaliwa. Miezi michache baadaye, katika jarida hilo hilo, akamjibu Kim Dae-jung wa Korea Kusini. Kim hakuwa mtu wa kuhubiriwa kuhusu utulivu: alitekwa nyara Tokyo mwaka 1973, akahukumiwa kifo mwaka 1980 na utawala wa kijeshi. Hakuanza hoja yake na wanafalsafa wa Ulaya peke yao. Alimrudia Mengzi, mfalme aliye mwana wa Mbingu kwa sharti la kutawala vizuri, na haki ya wananchi kumwondoa. Akasema tatizo si urithi wa Waasia, ni watawala wasiotaka kuachia madaraka. Desemba 1997 alichaguliwa kuwa rais, na mwaka 2000 akapata Nobeli ya Amani.

Mimi naona Kim alishinda mjadala huo, ingawa wapenzi wa Singapore watanikatalia, na usafi wa mitaa yao ni hoja ambayo siwezi kuibeza.

Na wanawake?

Hapa sitauremba Ukonfusio. Mwanamke alitakiwa kumtii baba, kisha mume, kisha mwana. Korea Kusini ilibaki mpaka karne hii na mfumo wa kisheria uitwao hoju, ambamo kila familia iliandikishwa chini ya mwanamume, hata kama huyo mwanamume ni mtoto mdogo na mama yake yu hai. Mahakama ya Katiba iliutangaza kuwa kinyume cha katiba mwaka 2005, na mwaka 2008 ukafutwa. Waliopinga kufutwa kwake walikuwa wazee wa jumuiya za Kikonfusio, na waliandamana.

Budha alikuwa na msimamo gani kuhusu serikali?

Hakuandika katiba. Lakini katika mikusanyo ya kale ya mahubiri yake kuna visa viwili ambavyo mchumi yeyote wa leo angevisoma kwa makini.

Cha kwanza kinapatikana katika hotuba iitwayo Kutadanta. Mfalme anataka kufanya kafara kubwa ili utawala wake ubarikiwe, lakini nchi imejaa wezi na wanyang'anyi. Mshauri wake anamwambia: ukiwaua na kuwafunga, watakaobaki watakusumbua tena. Wape wakulima mbegu, wape wafanyabiashara mtaji, walipe watumishi wa serikali mshahara unaotosha. Mfalme anafanya hivyo, na watu wanacheza na watoto wao wakiwa wameacha milango wazi.

Cha pili ni kinyume chake. Mfalme analinda mipaka ya nchi, ila anasahau jambo moja: hawapi mafukara chochote. Umaskini unazaa wizi. Anamkamata mwizi, anamhurumia, anampa mali. Wengine wanasikia, nao wanaiba ili wapewe. Mfalme anabadilika, anamkata mwizi kichwa. Hapo watu wanatengeneza mapanga, maana sasa mwizi hataki kuacha shahidi. Kutoka hapo kila kizazi kinaishi miaka michache kuliko kilichotangulia. Kisa hiki kilisimuliwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Marx, na lawama ya kwanza haiendi kwa mwizi.

Mfano wa mtawala aliyejaribu ni Ashoka, mfalme wa India wa karne ya 3 KK, aliyechonga majuto yake kwenye mawe baada ya vita vya Kalinga: watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa. Alihimiza uvumilivu wa dini zote na kuchimba visima. Jeshi hakulivunja, na maandishi yale yale yanawaonya watu wa misituni kwamba bado ana nguvu. Wanaomchora kama malaika huruka mstari huo.

Budha na Marx wanaweza kukaa meza moja?

Aliyelishughulikia swali hili kwa uzito kuliko wote ni B. R. Ambedkar. Alizaliwa katika tabaka la wale walioitwa wasioguswa nchini India, akasoma New York na London, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Mwaka 1935 alitangaza kwamba hatakufa akiwa Mhindu. Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, akaingia Ubudha hadharani pamoja na laki kadhaa za wafuasi wake, wakaapa viapo 22, baadhi vikiikana miungu ya Kihindu kwa majina.

Mwezi uliofuata alikuwa Kathmandu kuzungumza juu ya Budha na Karl Marx. Hoja yake, kwa kifupi: wote wawili waliona unyonyaji, wote waliona mali binafsi inazaa mateso. Mtawa wa Kibudha haruhusiwi kumiliki zaidi ya vitu vinane, vikiwemo mavazi, bakuli, wembe na sindano. Je, ni kamati kuu gani ya chama iliyowahi kukubali masharti hayo? Tofauti ni njia. Marx anahitaji nguvu na udikteta wa wafanyakazi. Budha anataka mtu abadilike kwa hiari, ili siku dola likiondoka kitu kibaki kimesimama. Tena Ambedkar alishawakumbusha wabunge wa katiba mwaka 1949 kwamba jumuiya za watawa wa kale zilijua hoja, akidi na kura. Alifariki Desemba 6, 1956, chini ya miezi miwili baada ya Nagpur.

Dalai Lama wa sasa naye amesema mara nyingi kwamba kwa upande wa uchumi yeye ni Mmarx, kwa sababu Umarx unajali mgawanyo. Huyu ni mtu aliyekutana na Mao mwaka 1954 na 1955, akaambiwa naye kwamba dini ni sumu, na mwaka 1959 akaikimbia Tibet.

Kwa vitendo meza hiyo imemwagika damu. Mongolia, kati ya 1937 na 1939, watawa waliuawa kwa maelfu chini ya serikali iliyofuata nyayo za Stalin. Kambodia chini ya Khmer Rouge, wakomunisti wa huko, 1975 hadi 1979, watawa walivuliwa kanzu, wengi wakafa mashambani. China ya leo imechagua kudhibiti badala ya kufuta: tangu 2007 kuna kanuni ya serikali inayotaka kiongozi wa Kibudha wa Tibet anayezaliwa upya apate kibali cha serikali kwanza. Chama kisichoamini roho kinatoa vibali vya roho kurudi duniani.

"Ujamaa wa Kibudha" ulifanana na ujamaa wa Nyerere?

Ulifanana zaidi kuliko watu wanavyodhani, bila yeyote kunakili kwa mwenzake. U Nu, waziri mkuu wa kwanza wa Burma huru, yaani Myanmar ya leo, alisema ubepari unakuza tamaa na tamaa ndiyo chanzo cha mateso, kwa hiyo ujamaa unampa mtu nafasi ya kuitafuta njia ya Budha. Sihanouk wa Kambodia alivua taji mwaka 1955 akaanzisha harakati iliyodai jambo la aina hiyo. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya 1962, aliukataa ujamaa unaojengwa juu ya mapambano ya matabaka, akausimika juu ya familia ya Kiafrika. Wote watatu walikuwa wakitafuta usawa usiopitia Moscow, na wote walikwenda kuuchukua nyumbani.

Tofauti kubwa ni dini. Nyerere, Mkatoliki wa kila siku misani, aliiweka dini nje ya serikali katika nchi ya Waislamu na Wakristo. U Nu alifanya kinyume: mwaka 1961 akaufanya Ubudha dini ya taifa. Wakachin, wengi wao Wakristo, waliona wamefungiwa mlango, na uasi ukashika kasi. Machi 2, 1962 Jenerali Ne Win akampindua.

Ubudha si ni dini ya amani? Mbona watawa wanachochea vurugu?

Ni dini ya amani kwa mafundisho yake. Kwa historia yake ni dini ya watu, na watu wana nchi, lugha na jirani wanayemwogopa.

Sri Lanka ni mfano ulio wazi. Historia ya kale ya kisiwa hicho, iliyoandikwa na watawa, inamsimulia mfalme Dutugemunu akihuzunika kwa maelfu aliowaua vitani. Watawa wanakuja kumfariji: binadamu halisi waliokufa ni mmoja na nusu tu, yaani mmoja aliyekuwa Mbudha kamili na mwingine aliyekuwa ameshika nusu ya njia, waliobaki ni sawa na wanyama. Kifungu hicho kiko kinyume na kila alichohubiri Budha, na kilisubiri karne nyingi mpaka utaifa wa kisasa ukakihitaji. Mwaka 1956, S. W. R. D. Bandaranaike alishinda uchaguzi akisaidiwa sana na watawa, kwa ahadi ya kuifanya Kisinhala lugha rasmi pekee. Watamili, wachache wenye lugha yao, wakasukumwa pembeni. Alipojaribu kulegeza, watawa wale wale wakamgeuka, na Septemba 1959 mtawa akampiga risasi nyumbani kwake. Alikufa siku iliyofuata. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1983, vikaisha 2009.

Thailand, mwaka 1976, mtawa maarufu Kittivuddho alisema kumuua mkomunisti si dhambi. Ni kama kumuua samaki ili kumpikia mtawa mchuzi. Mwezi Oktoba mwaka huo wanafunzi walioshutumiwa kuwa wakomunisti waliuawa katika Chuo Kikuu cha Thammasat.

Na Myanmar: mtawa Wirathu na vuguvugu lake walihubiri dhidi ya Waislamu, mwaka 2015 zikapitishwa sheria nne za "kulinda rangi na dini", na kuanzia Agosti 2017 jeshi liliwafukuza Warohingya, Waislamu wa huko, zaidi ya 700,000 mpaka Bangladesh. Ukikutana na anayesema Wabudha hawana siasa kali, mwonyeshe kambi zao za wakimbizi za Cox's Bazar, Bangladesh.

Basi watawa huwa upande wa serikali siku zote?

La. Myanmar hiyo hiyo, Septemba 2007, watawa waliandamana kwa maelfu wakiwa wamegeuza mabakuli yao juu chini. Kwa asiyejua, hilo ni jambo dogo. Kwa Mbudha, kumpa mtawa chakula ndiyo njia ya kujipatia thawabu. Mtawa akigeuza bakuli anakataa sadaka yako, na akiikataa amekufungia njia ya wema. Majenerali walikuwa wakipiga picha kila wiki wakitoa sadaka. Mabakuli yalipogeuzwa, wakajibu kwa risasi na uvamizi wa makao ya watawa usiku.

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, Juni 11, 1963, mtawa Thich Quang Duc aliketi katikati ya njia panda, akamwagiwa petroli, akawasha kiberiti mwenyewe. Wengi hudhani alipinga vita vya Marekani. Hapana: alidai usawa wa dini chini ya Rais Ngo Dinh Diem, Mkatoliki, baada ya Wabudha kuuawa mjini Hue mwezi Mei kwa kugombea haki ya kupeperusha bendera yao. Diem alipinduliwa Novemba. Wakomunisti waliposhinda mwaka 1975, kanisa huru la Wabudha lililoongoza maandamano yale nalo likapigwa marufuku na kubadilishwa na la serikali.

Bhutan kweli inapima furaha badala ya uchumi?

Inapima vyote viwili. Furaha ya taifa ni wazo la mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck, na limo katika katiba ya 2008. Lina mazuri yake, hasa misitu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo hiyo iliwaondoa takribani watu 100,000 wenye asili ya Nepal, wengi wao Wahindu. Furaha yao haikuwemo kwenye dodoso.

Kati ya Ubudha na Ukonfusio, upi unaendana zaidi na demokrasia?

Kama vingeendana au kugombana kwa asili yake, Taiwan na Korea Kusini zisingekuwa na uchaguzi huru, wala Korea Kaskazini isingekuwa nchi ya urithi wa baba kwa mwana. Taiwan ilichagua rais kwa kura ya wananchi kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Huadhimisha Siku ya Walimu Septemba 28, siku ya kuzaliwa kwa Confucius, na jumuiya zake za Kibudha, kama Tzu Chi iliyoanzishwa 1966, hupeleka misaada nchi nyingi zikiwemo za Afrika. Japani ina chama, Komeito, kilichoanzishwa mwaka 1964 na jumuiya ya Kibudha ya Soka Gakkai, na kimewahi kukaa serikalini miaka mingi.

Kuna Wabudha Afrika Mashariki?

Wapo, wachache. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Uganda kuna kituo cha Entebbe kilichoanzishwa 2005 na mtawa mwenyeji wa huko huko. Chama cha siasa hawana, na hawajakitafuta.